Dawa za Sonona katika Ubongo na Mwili: Pengo kati ya Tendo la Dawa na Nafuu ya Mgonjwa

Mgonjwa wa sonona anapoanza kumeza fluoksetini, dawa hiyo huanza kazi yake ya kikemikali ubongoni ndani ya saa chache. Nafuu yenyewe, hata hivyo, kwa kawaida huonekana baada ya wiki mbili hadi sita. Pengo hili ndilo linalofafanua mengi kuhusu dawa hizi, ikiwa ni pamoja na sababu ya baadhi ya wagonjwa kuziacha kabla hazijawafaa.

Dawa za kwanza za aina hii zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1957, daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitoa taarifa kuhusu imipramini, ambayo hapo awali ilijaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia. Ilipobainika kuwa dawa hizo huongeza nguvu ya serotonini na noradrenalini, yaani kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe, ilijengwa hoja kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Hoja hiyo ilienea kwa kuwa ni nyepesi kueleweka, lakini haitoshelezi. Lau tatizo lingekuwa upungufu tu, mgonjwa angepata nafuu siku ileile.

Katika hali ya kawaida, seli ya neva humwaga serotonini katika mwanya mwembamba unaoitenganisha na seli jirani, kisha protini maalumu huirudisha ndani ya seli iliyoitoa. Fluoksetini huzizuia protini hizo, na serotonini hubaki mwanyani kwa muda mrefu zaidi. Mwanzoni seli hujihami: vipokezi vyake hutambua ongezeko hilo na kuifanya ipunguze utoaji. Baada ya wiki kadhaa vipokezi hivyo hupungua makali, na breki hiyo hulegea. Aidha, tafiti zilizofanywa kwa wanyama zimeonesha kuwa dawa hizi huchochea kuchipua kwa seli mpya katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kwa binadamu, suala hilo bado lina ubishi miongoni mwa wataalamu.

Mwili, kwa upande wake, hausubiri. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili haimo ubongoni bali katika utumbo. Ndiyo maana kichefuchefu na kuharisha huweza kutokea siku za mwanzo. Chembe sahani za damu nazo huhitaji serotonini katika kugandisha damu, hivyo anayechanganya fluoksetini na aspirini au ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Hamu ya tendo la ndoa nayo huweza kupungua, jambo ambalo mgonjwa huona haya kulitaja na tabibu husahau kuliuliza.

Amitriptilini, dawa kongwe na ya bei nafuu inayotumika sana Afrika Mashariki, huzuia pia vipokezi vingine visivyohusiana na sonona. Matokeo yake ni kinywa kukauka, kufunga choo, macho kuona ukungu na usingizi mzito. Ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua; kwa hiyo tabibu mwangalifu hampi vidonge vingi kwa mara moja mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua.

Wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi, hasa kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 25, kwani kwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe kwa ajili ya watoto na vijana.

Kuacha ghafla nako kuna gharama: kizunguzungu, hasira za haraka, na hisia kama ya umeme kupita kichwani. Huo si uraibu, kwani mgonjwa hana uchu wa dawa. Ni seli zilizokwisha kuzoea hali mpya. Paroksetini hutoka mwilini upesi, na dalili hizo huwa kali zaidi. Fluoksetini hutoka polepole kwa wiki kadhaa. Kwa vyovyote vile, dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa tabibu.