Sardabu Inapogeuka Tanuri: Kuchunguza Joto Lisilo la Kawaida Chini ya Nyumba

Utangulizi

Neno sardabu hutumika katika Kiswahili kumaanisha chumba kilichojengwa chini ya ardhi, aghalabu chini ya nyumba. Asili yake ni Kiajemi, lugha ambamo sard ni baridi na ab ni maji. Jina lenyewe, basi, limebeba maana ya ubaridi. Katika nyumba za kale za Baghdad, wenyeji waliteremka sardabuni mchana wa majira ya joto ili kuliepuka jua, nayo mianya iliyojengwa hadi juu ya paa ikawashushia upepo. Kwa hivyo, sardabu yenye joto kali ni chumba kinacholikana jina lake.

Makala haya yanalenga kubainisha kwa nini hali hiyo hutokea na jinsi chanzo chake kinavyoweza kutafutwa. Mfano unaotumiwa ni nyumba za jimbo la Minnesota, Marekani. Huko, kanuni za ujenzi hutaka msingi ufike kina cha takriban mita 1.1 hadi 1.5, ili usiinuliwe na udongo unaoganda wakati wa baridi. Mjenzi aliyekwisha kuchimba kiasi hicho huona afadhali aendelee kidogo apate chumba. Aidha, jimbo hilo lina jamii kubwa ya watu waliotoka Afrika Mashariki, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili, ambao wengi wao hawakulelewa katika nyumba zenye sardabu. Kwao, joto la chumbani huweza kudhaniwa kuwa ni kawaida ya majira, kumbe ni onyo.

Ubaridi wa Sardabu Hutoka Wapi?

Udongo hupitisha joto polepole mno. Jua la mchana hupasha sentimita chache za juu tu, na usiku joto hilo hurudi hewani. Joto la msimu mzima huzama zaidi, lakini huchelewa: kwenye kina cha mita mbili hivi, kilele cha joto hufika mwezi mmoja au zaidi baada ya kilele cha hewa. Kwenye kina cha mita kumi, halijoto hubadilika kidogo sana mwaka mzima, nayo hukaribiana na wastani wa hewa wa mwaka. Kusini mwa Minnesota, ardhi ya kina hicho huwa na nyuzi 10 hivi za Selsiasi, hata hewa ya Julai ipitapo nyuzi 30.

Kutokana na hayo, kuta na sakafu ya sardabu hunyonya joto la chumba wakati wote wa kiangazi. Iwapo chumba hicho kina joto kuliko vyumba vya juu, na vyumba hivyo havipozwi kwa mashine, basi kuna kitu kinachozalisha joto kwa kasi kuliko udongo unavyoweza kulipokea. Ardhi haipaswi kuwa mshukiwa wa kwanza.

Huenda msomaji akauliza kuhusu reli za chini ya ardhi jijini London, ambazo hujulikana kwa joto lake. Njia za kina zilipochimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, udongo mfinyanzi uliozizunguka ulikuwa na takriban nyuzi 14, na abiria walialikwa kushuka huko wapate ubaridi. Leo udongo huo umepita nyuzi 20 katika sehemu nyingi. Hata hivyo, joto hilo halikuzaliwa na ardhi. Lilitoka hasa kwenye treni zenyewe, na zaidi wakati wa kufunga breki, likaingia katika kuta mwaka baada ya mwaka hadi udongo ukashiba. Hata pale ambapo ardhi imekuwa moto, chanzo kilikuwa ndani.

Kupima Kabla ya Kulaumu

Hatua ya kwanza ni kipimajoto. Halijoto ya chumba na ya nje ipimwe alfajiri, alasiri na usiku kwa siku mbili au tatu, na vipimo viandikwe. Joto linalopanda alasiri na kushuka usiku hufuata jua: huenda linaingia kupitia madirisha madogo ya juu ya ukuta, au kupitia nyufa zinazoleta hewa ya nje. Joto lisilobadilika usiku na mchana hutoka katika kitu kisichozimwa. Joto linalokuja na kutoweka ghafla huambatana na mashine inayowashwa na kuzimwa.

Hatua ya pili ni mkono na mguu. Sakafu ikanyagwe pekupeku, pembe hadi pembe. Sehemu moja yenye uvuguvugu katikati ya saruji baridi ni dalili ya bomba la maji moto linalovuja chini ya sakafu. Ili kuthibitisha, mifereji yote ifungwe, mashine zote zitumiazo maji zisimamishwe, kisha mita ya maji itazamwe. Ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali fulani. Hapo fundi wa mabomba aitwe bila kuchelewa, kwa kuwa maji hayo huweza kuchimba udongo unaobeba sakafu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vyanzo Vilivyomo Chumbani

Sardabu nyingi ndizo makao ya mitambo ya nyumba: tangi la kupashia maji, tanuri la kupasha nyumba joto, mashine ya kukaushia nguo na friza. Umeme wote unaotumiwa na vifaa vya chumbani huishia kuwa joto. Friza haiumbi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani yake na kulimwaga chumbani, pamoja na joto la mota yake.

Mashine ya kukausha hewa huwashangaza wengi zaidi. Kila lita ya maji inayonaswa na mashine hiyo huacha chumbani joto linalokaribia kilowati-saa 0.7, mbali na umeme inaoutumia. Ikinasa lita kumi kwa siku, joto hilo ni sawa na la hita ndogo ya wati 300 iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana.

Njia bora ya kumtambua mhusika ni kuzima kifaa kimoja kwa saa 24 na kupima tena, kisha kukiwasha na kuzima kingine. Wakizimwa wote pamoja, joto litapungua lakini mhusika hatajulikana. Mabomba ya maji moto yasiyovikwa vihami joto nayo yakaguliwe, kadhalika tanuri ambalo lilipaswa kulala tangu majira ya baridi yalipokwisha.

Joto Linaloua

Pafukapo moshi pana moto, lakini si kila moshi huonekana. Mitambo inayotumia gesi hutoa hewa chafu kupitia dohani. Dohani ikiziba, bomba lake likiachana, au hewa ya nyumba ikivutwa nje na feni zenye nguvu, hewa hiyo hurudi chumbani ikiwa na joto, mvuke na kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo huua. Dalili zake ni masizi kuzunguka mtambo, umande kwenye vioo, na maumivu ya kichwa au kichefuchefu kinachopungua mtu atokapo nje. Anayeziona dalili hizi asiendelee na uchunguzi. Watu wote watoke, kisha idara ya zimamoto iitwe kutoka nje. Kifaa cha kutambua gesi hiyo kinafaa kuwekwa mapema.

Bomba la mashine ya kukaushia nguo nalo likichomoka ukutani, humwaga joto na unyevu wote chumbani. Iwapo mashine hiyo inatumia gesi, hatari ni ile ile.

Kosa la Kufungua Madirisha

Wengi hukimbilia kufungua madirisha. Katika kiangazi cha Minnesota, hewa ya nje mara nyingi ina unyevu mwingi. Ikigusa kuta zilizopozwa na udongo, hugeuka umande, na umande huzaa kuvu. Madirisha yafunguliwe pale tu ambapo hewa ya nje ni baridi na kavu kuliko ya ndani, kwa mfano alfajiri baada ya upepo wa kaskazini. Ila tu, panaposhukiwa gesi, uhai hutangulia ukuta.

Hitimisho

Imebainika kwamba joto la sardabu ni dalili, wala si ugonjwa. Anayeleta feni au mashine ya kupoza hewa kabla ya kupima huenda akaificha dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea chini ya sakafu au ndani ya dohani. Mpangilio unaofaa ni kupima, kukagua sakafu, kuhakikisha usalama wa mitambo ya gesi, kuzima kifaa kimoja kimoja, na mwisho kushughulikia hewa. Chanzo kikiondolewa, udongo utaendelea na kazi yake ya kupoza bila kulipwa, na sardabu itastahili tena jina lake.