Kuizamisha Ili Isife

Mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mafundi waliunda meli kisha wakaifungua yote. Waliiunga kwa bolti tu, makusudi. Vipande vilitiwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha vikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg walikuja nayo, wakaiunga upya ufukweni, safari hii kwa ribiti. Februari 1915 ikateremshwa katika Ziwa Tanganyika: Graf von Goetzen, urefu wa mita 71 hivi.

Hadi hapo kila kitu kilikuwa kwenye mchoro. Yaliyofuata hayakuwa kwenye mchoro wowote.

Waigizaji wa papo kwa papo, wanaopanda jukwaani bila maandishi, wana kanuni moja kuu: mwenzako akisema mvua inanyesha, usimbishie, fungua mwavuli. Siku hizi wapo wabunifu wa vifaa wanaofanya mazoezi hayo kabla ya kugusa kalamu, kwa sababu wazo likibishiwa mapema hufa halijaonyesha sura yake. Kigoma, aliyekuwa akianzisha mchezo ni Vita vya Kwanza vya Dunia.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamia kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake iliopolewa. Mmoja, wa milimita 105, ukafungwa kwenye meli hii ya abiria na mizigo. Baadaye mzinga ukahitajika kwingine. Mahali pake pakawekwa wa mbao. Adui akiwa mbali, mbao nayo ni silaha.

Julai 1916 ikaja amri ya kuizamisha ili isitekwe. Mtu mwingine angetafuta baruti. Mafundi wale walizipaka mashine grisi nene, wakajaza mchanga ndani, wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Chuma hakipati kutu mpaka maji na oksijeni vikifikie pamoja, na grisi huvizuia vyote viwili. Lakini wanaowasifu mafundi peke yao hulisahau ziwa. Chumvi hurahisisha mwendo wa umeme mdogo unaokula chuma, na Tanganyika si bahari. Meli hiyo ingezamishwa baharini Mombasa, nadhani tungekuwa na hadithi nyingine.

Wabelgiji waliinua meli, ikazama tena. Waingereza waliiopoa Machi 1924, wakakuta mashine na matangi ya mvuke bado vyafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hili. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.