Sheria za Kijiwe: Kubuni Mchezo wa Kung Fu Mezani (Sehemu ya Pili)

Mcheza karata akihamia mtaa mpya haketi tu na kuanza kugawa. Huuliza kwanza: "Hapa mnachezaje?" Karata ni zilezile 52, lakini kila kijiwe kina sheria zake, na asiyeuliza atalia peke yake.

Wiki iliyopita tuliona mchezo wa kuigiza mezani ulivyo: watu wanne au watano, karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji hubeba mhusika mmoja, na msimulizi hubeba ulimwengu uliobaki. Leo tuingie kwenye sheria za kijiwe, zile ambazo kundi hujitungia ili mchezo ufanane na hadithi linayoitaka. Hadithi yetu ni ya kung fu.

Kwa nini sheria za kitabuni zisitoshe? Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulizaliwa na michezo ya vita ichezwayo kwa vinyago vidogo vya askari, ambamo mpiganaji hupimwa kwa deraya aliyovaa na majeraha anayoweza kuyahimili. Mwaka 1975 nyongeza yake, Blackmoor, ilimleta mtawa anayepigana mikono mitupu, lakini aliingia kama mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wenye ngao. Shujaa wa hadithi za Kichina havai chuma. Huvaa nguo ya pamba, na kinachomkinga ni miaka aliyoimaliza mazoezini. Anaishi katika jianghu, neno la Kichina lenye maana ya "mito na maziwa": ulimwengu wa wasafiri, waganga, wapiganaji na matapeli, ambamo heshima na deni vina nguvu kuliko amri ya serikali.

Tuipeleke hadithi yetu Foshan, mji wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, mwishoni mwa karne ya 19. Ni mji wa wafinyanzi na wasubu chuma. Ndiko zinakoanzia simulizi za Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa kung fu, na ndiko alikozaliwa mwaka 1893 Ip Man, ambaye baadaye alimfundisha Bruce Lee huko Hong Kong. Mwalimu wa ngumi aliweza pia kuwa muunga mifupa, na wanafunzi wake ndio waliocheza ngoma ya simba siku za sikukuu. Mji wa namna hiyo unampa msimulizi nusu ya kazi bure.

Sheria ya kwanza ni fupi: ulinzi wa mhusika hutokana na ujuzi wake, si na mavazi. Anayevaa deraya nzito hupunguziwa.

Ya pili inahusu dadu. Dadu ya pande 20 haina upendeleo: kila namba ina nafasi ya asilimia 5, hivyo mkongwe wa miaka 30 huangukia moja mara nyingi sawasawa na mwanafunzi wa juzi. Dadu mbili za pande sita zina tabia nyingine. Kati ya mianguko 36, sita huleta saba, na mmoja tu huleta kumi na mbili. Katikati ni pana, kingoni ni pembamba, na ujuzi unapata mahali pa kusimama.

Tuseme pigo linahitaji tisa au zaidi. Kwa dadu mbili, nafasi ni 10 kati ya 36, kama asilimia 28. Mruhusu mchezaji atupe dadu tatu na kuchukua mbili zilizo bora, nafasi inafika 113 kati ya 216, kama asilimia 52. Dadu hiyo ya tatu ndiyo mshahara wa maelezo. Anayesema "nampiga ngumi" haipati. Anayesema "nakanyaga ncha ya benchi, linainuka, nalisukuma kwa teke limgonge kifuani" anapewa. Benchi likishatumika, halitumiki tena katika pambano hilo. Mchezo wa Exalted wa mwaka 2001 nao huwalipa wachezaji dadu kwa maelezo.

Kwetu jambo hili lina ndugu yake. Waliokaa kwenye vibanda vya video Dar es Salaam wanawakumbuka wasimulizi wa filamu kama Lufufu, ambao hawakuishia kutafsiri. Waliongeza chumvi, na mtazamaji alilipia picha na mdomo kwa pamoja. Meza ya mchezo humpa kila mchezaji mdomo huo.

Ya tatu nimeiazima kwenye Feng Shui, mchezo ambao Robin Laws aliutunga mwaka 1996 kwa kufuata sinema za Hong Kong: mpambe asiye na jina huanguka kwa pigo moja safi. Muda wa meza utunzwe kwa mwenye jina.

Kabla ya ya nne, nikiri kosa. Mwanzoni nilibuni mitindo mitano ya kupigana, kila mmoja ukiushinda mwingine. Niliona nimefanya jambo la maana. Meza ikanyamaza: kila mtu akawa anahesabu, hakuna aliyesimulia. Mchezaji hufuata kinacholipwa, nami nilikuwa nimelipa hesabu.

Kwa hiyo sheria ya nne hulipa deni. Kila mhusika huanza na madeni matatu yaliyoandikwa: kwa mwalimu, kwa ukoo, na kwa mtu mmoja asiye wa shule yake. Deni likimzuia kushinda naye akaliheshimu, hupewa kete inayonunua dadu ya tatu siku nyingine. Akilivunja deni la mwalimu, pigo alilofundishwa na mwalimu huyo halitumiki mpaka wapatane.

Mfano wa mezani kwetu: siku ya sikukuu katika hadithi, shule mbili ziligombea fungu la mboga za majani lililotundikwa juu pamoja na bahasha ya fedha, ambalo simba hulirukia. Mchezaji wetu alikuwa ndani ya kichwa cha simba. Alihitaji tisa, na benchi lilikuwa miguuni pake. Ndipo nikamwambia anayebeba kichwa cha simba wa pili ni mtoto wa mganga aliyemuunga mguu mama wa mhusika wake, na deni hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Alizishika dadu muda mrefu. Kisha akaziweka mezani bila kuzitupa, akaomba kete yake.

Wiki ijayo: namna ya kumuumba mwalimu ambaye wachezaji watamwogopa na kumpenda.