Je, Wajua? Siku barua pepe taka zilipopungua ghafla

Je, wajua kwamba tarehe 11 Novemba 2008 barua pepe taka zilipungua kwa takriban theluthi mbili duniani kote, tena ndani ya saa chache? Siku hiyo kampuni za intaneti za Global Crossing na Hurricane Electric zilikata intaneti ya McColo, kampuni ya seva iliyokuwa San Jose, California, baada ya mwandishi Brian Krebs wa Washington Post kuzipelekea ushahidi kwamba McColo ilihusika na barua hizo.

Barua zenyewe hazikutoka McColo. Zilitumwa na kompyuta za watu wa kawaida, majumbani na maofisini, zilizoambukizwa virusi bila wenyewe kujua. Pale McColo palikuwa na seva za kuziamuru, zikiwamo za mitandao ya kompyuta hizo iliyoitwa Srizbi na Rustock. Amri zilipokoma, kompyuta zikanyamaza, ila virusi vilibaki humo humo.

Siku chache baadaye McColo ilipata njia nyingine ya intaneti kwa muda mfupi. Wenye Rustock hawakuchelewa: wakazielekeza kompyuta zao kwenye seva za Urusi. Haikupita hata nusu mwaka, taka zikawa zimerudia wingi wake wa awali.