Bei ya Barua Moja ya Kijerumani

Mpwa wangu ni muuguzi, na nia yake ni kwenda kufanya kazi Ujerumani. Alilipia kozi ya miezi mitatu katika kituo kimoja cha lugha hapa Dar es Salaam, akatoka anaongea vizuri na anasikia vizuri. Nikamwomba anionyeshe barua zake zilizopitiwa na mwalimu. Akatoa karatasi mbili. Darasa lilijaa, mwalimu alikuwa mmoja, na barua za wanafunzi wote hao asingeweza kuzimaliza.

Tangu siku ile siulizi tena kozi ni shilingi ngapi kwa mwezi. Nauliza: kwa fedha hii, barua ngapi zitasahihishwa? Maana kuandika hakuingii kwa kusikiliza. Unaandika, unakosea, unaonyeshwa, unaandika tena ile ile.

Tuanze na kinachodaiwa. Katika mtihani wa Goethe-Institut wa kiwango cha B1, sehemu ya kuandika ni dakika 60 na kazi tatu: barua kwa rafiki yenye maneno kama 80, maoni juu ya mada fulani, nayo maneno kama 80, na ujumbe wa heshima wa maneno kama 40. B2, kiwango ambacho wauguzi hudaiwa mara nyingi, ni dakika 75 na kazi mbili, moja isiyopungua maneno 150, nyingine isiyopungua 100.

Urefu huo hautishi. Watu huangushwa na vitu vidogo. Baada ya salamu "Sehr geehrte Damen und Herren" unaweka mkato, na mstari unaofuata unaanza kwa herufi ndogo. Maneno ya kuagia, "Mit freundlichen Grüßen", hayafuatwi na mkato. Kila nomino inaanza kwa herufi kubwa, hata katikati ya sentensi. Neno "weil" (kwa sababu) linasukuma kitenzi hadi mwisho. Ama der, die na das zinazotangulia nomino, sisi tuliokulia kwenye ngeli tusizikimbie: tumeshazoea jina linaloamua umbo la maneno yanayolizunguka. Tofauti ni kwamba "kiti" chenyewe kinakuonyesha ki- yake, ilhali nomino nyingi za Kijerumani hazikudokezei chochote, kwa hiyo kila neno likaririwe pamoja na der, die au das yake. Hayo yote ukielezwa darasani unaitikia kwa kichwa. Kosa linaondoka siku unapoliona limepigiwa mstari kwenye karatasi yako mwenyewe.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Weka za mtaa wako. Tuseme kozi ni shilingi 450,000 na mwalimu anasahihisha barua tatu: kila barua imekugharimu 150,000. Tuseme mwalimu binafsi anataka 20,000 kwa saa na katika saa hiyo mnapitia barua mbili: kila moja ni 10,000. Kozi inakupa pia kuongea na kusikiliza, kwa hiyo hesabu hii haiitendei haki yote. Kama ndiyo kwanza unaanza A1, nenda darasani. Kujenga msingi peke yako ni kazi ngumu mno. Ila ukishafika A2 na tatizo lako ni kalamu, usirudie kozi nzima. Tafuta mwalimu wa kusahihisha tu: unampigia picha karatasi, unamtumia kwa WhatsApp, anairudisha na alama nyekundu, mnakubaliana bei kwa kila barua. Walimu wengi hawatangazi huduma hiyo, lakini ukiomba wengine hukubali, kwa kuwa wanaifanya jioni wakiwa nyumbani.

Vya bure vipo, na ni vizuri. Deutsche Welle wana kozi ya Nicos Weg kuanzia A1 hadi B1 bila malipo. Goethe-Institut wanaweka mitihani ya mfano kwenye tovuti yao. Gharama yako ni bando na pesa ya kuchapisha steshenari. Programu za simu zinakuza msamiati, ila nyingi zinakutaka uchague neno au ukamilishe sentensi moja. Kuchagua neno si kuandika barua, na kulipia toleo lake la malipo kwa ajili ya kuandika, kwa maoni yangu, ni kupoteza.

Akili mnemba ndiyo imebadilisha bei kuliko kitu kingine: inasahihisha saa yoyote, mara nyingi bure. Tatizo linaanza unapoiambia ikuandikie. Unapata barua nzuri ambayo si yako, na chumba cha mtihani hakiingii simu. Mpwa wangu nimempa masharti: andika barua kwa mkono kwenye kaunta buku, saa ikiwa mezani, kisha ndipo uichape na kuiagiza akili mnemba ionyeshe makosa na sababu zake bila kuandika upya. Hata hivyo hukosea, hasa kwenye kupima heshima ya maneno, kwa hiyo barua chache bado zimfikie mtu.

Mtu huyo anaweza kuwa Mjerumani anayejifunza Kiswahili. Lugha yetu inafundishwa vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth na Hamburg, na wapo wanaotamani sana mtu wa kuwasahihishia insha. Wewe unamrekebishia "kitabu yangu" kuwa "kitabu changu", yeye anakurudishia kitenzi mahali pake. Malipo ni muda wako. Ukipanga siku maalumu, mfano kila Jumamosi, mabadilishano hayo hudumu. Yasiyo na siku hufa wiki ya tatu.

Kabla ya kulipia mtihani, kumbuka kwamba B1 na B2 zimegawanywa sehemu nne, kila moja na alama zake 100, na kufaulu ni 60. Aliyeanguka kwenye kuandika pekee anaweza kurudia sehemu hiyo tu, bila kulipia zote nne. Mpwa wangu amebakiza hiyo moja. Kaunta buku yake ina barua 34, na 29 zimesahihishwa.