MGONGO NI CHOMBO CHA KAZI: MAZOEZI YAANDIKWE KAMA DAWA



Tarehe 28 Septemba 2025 Kigali ilishuhudia siku ya mwisho ya Ubingwa wa Dunia wa mbio za baiskeli barabarani, mashindano yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume walitakiwa kwenda kilomita 267.5, wakipanda vilima mara kwa mara, pamoja na barabara ya mawe ya Kimihurura. Walioanza walizidi 160. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia.

Watazamaji wengi waliitazama miguu. Lakini miguu haisukumi pedali peke yake. Inahitaji mahali imara pa kujiegemeza, napo ni kiwiliwili: tumbo, mbavu, kiuno na mgongo. Misuli hiyo ikichoka, nyonga huyumba juu ya kiti, mgongo huzidi kupinda, na jasho la mwanariadha hupotea bure.

Jambo hili si la mabingwa peke yao. Pembezoni mwa Kigali wako abanyonzi, vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli ili wapate riziki. Baadhi ya waliowahi kuiwakilisha Rwanda katika mbio walianzia katika kazi hiyo. Kijana wa namna hii akifanya mazoezi jioni baada ya kubeba watu mchana kutwa, mgongo wake umekwisha kufanya kazi ya watu wawili. Je, ni haki kumwamuru ainuke kutoka chali mara mia?

DOZI SI MOJA KWA WOTE

Daktari hatoi dawa ile ile kwa kila mgonjwa. Vivyo hivyo, anayeagiza mazoezi ya mgongo aulize kwanza: huyu anacheza mchezo gani? Anafanya kazi gani? Maumivu huja akiinama au akijinyoosha? Mwendesha baiskeli huinama mbele kwa saa nyingi. Mrushaji mpira wa kasi katika kriketi, mchezo wenye uwanja wake hapa Gahanga, hujipinda nyuma na kujizungusha kwa nguvu; warushaji wa aina hiyo wanajulikana kupata nyufa katika mifupa ya kiuno. Kumwongezea wa kwanza kuinama, au wa pili kujipinda nyuma, ni kumwongezea mzigo aliokwisha kuubeba.

Profesa mstaafu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyeuchunguza uti wa mgongo kwa miaka mingi, amependekeza mazoezi matatu ya msingi.

La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka. Weka viganja chini ya kiuno ili kisibanwe sakafuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu.

La pili: lala ubavu, jiegemeze kwa kiwiko, kisha inua nyonga hadi mwili unyooke. Anayeanza akunje magoti.

La tatu: piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Mgongo usiyumbe.

Kila mara shikilia kwa sekunde kumi hivi, pumzika kidogo, rudia. Anza na mara sita, kisha nne, kisha mbili, kwa kuwa misuli iliyochoka huharibu mkao. Shabaha ya kwanza ni ustahimilivu. Nguvu na kasi zitafuata. Tena, usifanye mazoezi ya kuinama mara tu unapoamka. Usiku visahani laini vilivyo kati ya pingili hufyonza maji na kuvimba, na mgongo ukipindwa wakati huo huumia kwa urahisi. Ngoja kwa muda wa saa moja.

Zoezi likileta maumivu, liachwe au libadilishwe. Maumivu yakishuka mguuni, mguu ukilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukishindwa kuzuilika, hilo si jambo la mazoezi tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

TUNADAI NINI?

Mara nyingi mwanariadha huficha maumivu kwa kuogopa kuachwa nje ya timu, kama vile mpagazi anavyoyaficha kwa kuogopa kukosa kibarua. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tusimlaumu anayeficha bila kumuuliza kwa nini anaogopa.

Kwa hiyo klabu na vyama vya ushirika vya abanyonzi vifanye haya. Kwanza, mazoezi ya mgongo yaagizwe na mtu aliyejifunza kazi hiyo, baada ya kumpima mhusika. Pili, kiti na usukani wa baiskeli virekebishwe kulingana na kimo cha mwenyewe. Tatu, mapumziko yahesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Nne, asiadhibiwe mtu kwa kusema, "Mgongo unaniuma."

Seremala hutunza msumeno wake, na fundi hutia mafuta mashine yake. Baiskeli ikivunjika hununuliwa nyingine. Mgongo hauuzwi dukani. Tuutunze, ndugu, na tudai utunzwe.