HESABU YA MICHE SI HESABU YA MSITU

Kila gunia la mkaa lishushwalo Kariakoo lilikuwa mti, na mti huo ulikuwa makao ya viumbe. Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa, kati ya 1991 na 2005, ukataji wa miti ya mkaa ulizidi kusonga mbali na Dar es Salaam kwa kadiri ya kilometa 2 kila mwaka. Ndivyo tulivyolichovya buyu, kopo kwa kopo.

Miongoni mwa waliopungukiwa na makao ni komba mdogo wa Rondo. Huyu ni wa ukoo mmoja na kima na nyani, ingawa uzito wake ni kama yai la kuku, gramu 60 hivi. Duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, toka Lindi hata Pande na Pugu-Kazimzumbwi, mlangoni pa jiji letu. Orodha ya 2006 hadi 2008 ya wanyama 25 wa ukoo huo walio hatarini kupita wote ilimtaja.

Dawa inayohubiriwa kila siku ni kupanda miti. Ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini yafaa tuulize: mti gani, na kwa faida ya nani? Mikaratusi na misaji hukua upesi, ikatupa nguzo na mbao. Komba huyu, hata hivyo, huruka usiku toka shina hadi shina karibu na ardhi, akitafuta wadudu na matunda. Shamba la miti ya aina moja, lililofyekwa chini, kwake ni nyumba isiyo na jiko.

Basi mizani ya kazi hii isiwe idadi ya miche iliyopandwa mbele ya wageni wa heshima. Tuulize: baada ya miaka mitatu, mingapi ingali hai? Je, ni miti ya asili ya pwani? Je, vipande vya msitu vilivyotengana vimeunganishwa? Wataalamu humtambua komba kwa mlio wake. Mlio huo ukisikika mahali palipokuwa kimya, hapo ndipo tuseme msitu umerudi.

Mara nyingi msitu hujirudisha wenyewe: visiki huchipua, na ndege husambaza mbegu. Sharti ni moja tu, shoka lisirudi. Na shoka huitwa na jiko la mjini. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, umeweka shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania. Lakini kibarua alipwaye kwa siku hununua mkaa wa kopo, kwa kuwa mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha nyingi kwa mara moja. Tusimlaumu, na tudai gesi iuzwe kwa kipimo anachokimudu.

Wala jambo hili si la komba peke yake. Mto Msimbazi waanzia vilima vya Pugu, ukapita Jangwani, hatua chache toka Kariakoo. Vilima vikiwa vipara, udongo huteremka na maji hadi milangoni petu. Amtunzaye komba kule juu amlinda na jirani yake wa Jangwani.